Chromium EC, System76 EC au Zephyr: njia ipi imfae fundi wa Kigoma anayetaka kujenga na kujaribu programu dhibiti ya laptop

Fundi wa laptop anayetaka kuvuka kutoka kubadilisha chipu hadi kuandika programu inayoiendesha EC, ile chipu inayosimamia kibodi, betri na feni, ana njia tatu za wazi mbele yake, na zote tatu hazimdai ada ya leseni. Ya kwanza ni Chromium EC, ambayo Google iliiandika kwa ajili ya Chromebook. Ya pili ni System76 EC, ya kampuni ya System76 iliyoko Denver, Marekani. Ya tatu ni Zephyr, mfumo wa uendeshaji wa chipu ndogo uliozinduliwa mwaka 2016 chini ya Linux Foundation. Ulinganisho huu umeandikwa kwa mtu aliye Mwanga, Gungu au Ujiji, anayeijua mita na hoti-eya (mashine ya hewa ya moto ya kung'olea chipu), anayeweza kusoma lugha ya C hata kama anasoma polepole, na anayenunua intaneti kwa bando. Kwa mtu wa namna hiyo, swali la kwamba ni upande gani wenye msimbo mzuri zaidi linakuja mwisho. Linalotangulia ni hili: siku utakapoandika programu mbovu kwenye chipu, mashine utairudishaje?

EC (kwa kirefu embedded controller) ni kompyuta ndogo inayoishi ndani ya laptop. Hupata volti 3.3 za kudumu mara tu chaja au betri inapounganishwa, kwa hiyo inafanya kazi hata laptop ikiwa imezimwa. Ndiyo inayosoma kibodi, inayoamua kasi ya feni, inayojua kama kifuniko kimefungwa, na inayozungumza na betri kupitia nyaya mbili za SMBus kisha kuielekeza chipu ya kuchaji itoe volti na ampea kiasi gani. Unapobonyeza kitufe cha kuwasha, ishara haiendi moja kwa moja kwa prosesa. Inaingia kwanza kwenye EC, nayo huwasha njia za umeme moja baada ya nyingine kwa mpangilio maalumu, ikisubiri jibu la kila hatua kabla ya kwenda inayofuata. Kwa sababu hiyo mashine ambayo programu ya EC imeharibika hufanana kabisa na mashine ambayo mazabodi imekufa: taa haiwaki, feni haizunguki, na mteja huambiwa atafute bodi nyingine wakati bodi yake ni nzima.

Jambo moja lisemwe mapema ili mtu asije akapoteza bando lake. Laptop nyingi zinazofika mezani huku ni za mtumba zilizotoka maofisini: EliteBook, Latitude na ThinkPad zilizopitia Kariakoo kabla ya kupakiwa kwenye basi au treni. Mashine hizo hazipokei Chromium EC wala System76 EC kama zilivyo, kwa kuwa kila mazabodi ina mpangilio wake wa pini, na watengenezaji wake hawakutoa msimbo wa EC. Kwa hiyo tunachochagua hapa ni uwanja wa kujifunzia na kujengea ujuzi. Atakayetegemea kumaliza wiki ya kwanza kwa kumfungia mteja programu mpya kwenye Latitude yake atakuwa amekosea mlango.

Bando na kompaila

Upande huu System76 EC inashinda bila ubishi. Hazina yake ya msimbo ni ndogo, na kompaila yake, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya chipu, ni SDCC, inayopatikana katika vifurushi vya kawaida vya Debian na Ubuntu kwa amri moja ya apt. Ukishaiweka, unaandika `make BOARD=system76/lemp9` (lemp9 ni jina la mojawapo ya laptop zao) na faili la kuandikwa kwenye chipu linatoka. Mtu anaweza kushusha kila kitu kwa bando la siku moja na bado akabaki na salio la kupigia simu nyumbani.

Chromium EC ipo mbali sana na hapo. Njia yake ya kawaida ni kujengwa ndani ya mti mzima wa msimbo wa ChromeOS, mfumo wa uendeshaji wa Chromebook, ambao ukubwa wake ni makumi ya gigabaiti. Inawezekana kuchukua hazina ya EC peke yake na kuijenga nje ya mti huo, lakini bodi mpya zote sasa zimejengwa juu ya Zephyr na hutumia zana iitwayo `zmake`, nayo inategemea moduli nyingine ambazo mti mzima ungekuletea bila wewe kufikiri. Hapa ndipo wengi hukata tamaa: si kwa sababu C imewashinda, ila kwa sababu siku mbili zimepita wanatafuta faili moja linalokosekana.

Zephyr ipo katikati. Ukiifuata kwa maelekezo ya kawaida itashusha gigabaiti kadhaa, maana zana yake ya `west` huleta moduli za watengenezaji wa chipu wengi pamoja na historia yote ya mabadiliko yao. Ipo njia ya kupunguza: amri `west update --narrow -o=--depth=1` huleta hali ya sasa tu bila historia. Vilevile, ukianza na shabaha iitwayo `native_sim`, ambayo hugeuza programu yako kuwa programu ya kawaida ya Linux, unaweza kutumia kompaila ya GCC iliyomo tayari kwenye kompyuta yako na kuahirisha ushushaji wa kompaila za chipu mpaka utakapozihitaji. Hilo lina maana kubwa kwa mtu anayesubiri bando la usiku.

| Jambo | Chromium EC | System76 EC | Zephyr |
|---|---|---|---|
| Leseni | BSD | GPL toleo la 3 | Apache 2.0 |
| Chipu | ARM na RISC-V: Nuvoton, ITE mpya, Microchip, STM32 | ITE za ukoo wa 8051, kama IT8587E na IT5570E | Nyingi mno, zikiwamo za EC na bodi za mazoezi |
| Majaribio bila chipu | Mengi, yaliyokwisha kuandikwa | Machache. Kazi kubwa ipo kwenye mashine | Mengi, na zana za kuandika yako |
| Ukiharibu | Nakala isiyoandikika hubaki | Unarudisha kwa kifaa cha nje | Kwenye bodi ya mazoezi, ni kitufe kimoja |

Leseni nitaipita haraka. GPL ina sharti kwamba ukimpa mteja programu uliyoibadilisha, mpe na haki ya kupata msimbo wake. Kwa fundi wa kawaida hilo si mzigo; kwa anayepanga kuuza programu iliyofungwa, ni kizuizi.

Kujaribu bila kugusa chipu

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lote, na ndipo njia hizi tatu zinapoachana hasa.

Chromium EC imekuja na majaribio yanayojengwa na kuendeshwa kwenye kompyuta yako, bila Chromebook yoyote mezani. Unaandika `make runhosttests`, na msimbo uleule ambao ungeingia kwenye chipu unaunganishwa na vifaa vya bandia: kibodi ya bandia, betri ya bandia, vipimajoto vya bandia. Chukua mfano wa kibodi. Vitufe vya laptop havina waya wake kila kimoja. Vimepangwa katika gridi ya safu na nguzo, na EC huzipitia nguzo moja moja ikiangalia safu ipi imeitika. Ukibonyeza kwa pamoja vitufe vitatu vilivyo kwenye pembe tatu za mstatili katika gridi hiyo, umeme huzunguka kupitia kitufe cha tatu na EC ikaona kama kitufe cha nne kimebonyezwa, wakati hakuna kidole kilichokigusa. Programu nzuri hulitambua hilo na kulikataa. Kwenye Chromium EC lipo jaribio linaloiwekea kibodi ya bandia mpangilio huohuo wa vitufe na kuhakikisha kwamba kitufe cha uongo hakipiti.

System76 EC nayo inao msimbo wa kuvitambua vitufe vya uongo, tena umeandikwa kwa namna inayosomeka kwa urahisi zaidi. Mtu anaweza kuumaliza kwa kikombe kimoja cha chai. Tofauti ni kwamba kuuthibitisha kunakuhitaji uwe na laptop yao mbele yako na vidole vitatu. Zephyr ina dereva wake wa gridi ya kibodi wenye ukaguzi huohuo, na unaweza kuujaribu kwenye `native_sim` kwa kuziigiza pini.

Betri inatoa somo jingine. Betri za laptop zenye kufuata SBS, kanuni ya pamoja ya namna betri inavyozungumza na mashine, hukaa kwenye anwani 0x0B ya SMBus na hujibu kwa namba zilizokubaliwa: rejista 0x08 ni joto, 0x09 ni volti, 0x0A ni mkondo. Volti huja kwa milivolti, jambo lisilo na utata. Joto, kinyume chake, huja kwa sehemu za kumi za kelvini, hivyo betri iliyo kwenye nyuzi 30 za Selsiasi, joto la kawaida la chumba cha bati mchana wa Kigoma, itakujibu 3031. Asiyelijua hilo ataandika msimbo unaoamini kwamba betri inawaka moto, kisha atashangaa kwa nini uchajaji umekataa. Mkondo nao ni namba yenye alama ya chanya na hasi ndani ya biti 16: ukisoma 0xFE0C, maana yake ni kwamba betri inatoa miliampea 500, wala si kwamba inapokea miliampea 65,036. Zephyr ina kiigizaji cha kipimo cha betri cha SBS, kwa hiyo makosa ya aina hii unaweza kuyakamata ukiwa na kompyuta tu, hata umeme ukiwa umekatika na wewe unatumia chaji iliyobaki.

Faida nyingine ya `native_sim` ni saa. Muda ndani yake ni wa bandia na haulazimiki kwenda na saa ya ukutani, kwa hiyo jaribio linalosema "feni izimwe baada ya dakika kumi za baridi" halikusubirishi dakika kumi. Anayejaribu jambo hilohilo kwenye mashine halisi atakaa na kalamu na karatasi.

Hata hivyo majaribio ya kwenye kompyuta yana mpaka wake, na mpaka huo ni mkali zaidi kwa anayechagua System76 EC. Chipu za kampuni ya ITE inazozitumia ni za ukoo wa 8051, muundo ambao Intel iliutoa mwaka 1980. Ni chipu za biti 8, na kwenye kompaila ya SDCC aina ya `int` ina biti 16. Kwenye kompyuta yako `int` hiyohiyo ina biti 32. Kijana mmoja anayejifunza mezani kwangu aliandika hesabu ya nguvu ya kuchaji kwa kuzidisha volti na mkondo: milivolti 12,600 mara miliampea 3,000. Kwenye kompyuta jibu lilitoka 37,800,000 kama inavyotakiwa.

"Kaka, mbona huku imepita, na kwenye chipu inaleta hasi?"

"Int ya huko ina biti 16, mdogo wangu. Hesabu tena."

Akahesabu. Namba kubwa kuliko zote ambayo `int` ya biti 16 inaweza kuibeba ni 32,767. Jibu lake lilijaa na kumwagika mara nyingi mpaka likabaki -14,272. Fikiria namba hiyo ikiwa ndiyo inayoamua kama chaja iongezwe au ipunguzwe. Kwa Chromium EC na Zephyr hatari hii ni ndogo, kwa kuwa chipu zake za ARM na RISC-V ni za biti 32, na `native_sim` kwa kawaida hujengwa kwa biti 32 vilevile; kinachopita kwenye kompyuta kina nafasi kubwa ya kupita kwenye chipu. Anayeishikilia System76 EC asikate tamaa: SDCC ina kiigizaji chake cha 8051, μCsim, na vipande vya hesabu tupu vinaweza kuendeshwa humo kwa ukubwa uleule wa namba utakaokutana nao kwenye chipu. Hakitakuigizia betri wala kibodi, lakini kitakuonyesha -14,272 kabla betri haijaiona.

Kuandika kwenye chipu na kurudi salama

Chromium EC ina mpangilio ambao binafsi nauona bora kuliko yote kwa usalama. Ndani ya chipu kuna nakala mbili: moja ya kusomwa tu, isiyoandikika ilimradi kinga ya kuandika ipo, na nyingine ya kubadilishwa. Mashine huanza kwa nakala ya kwanza, kisha huhamia ya pili ikiwa ni nzima. Ukiandika upuuzi kwenye nakala ya pili, ya kwanza ipo palepale na mashine bado inaamka. Tatizo ni kuipata Chromebook yenyewe, pamoja na kebo maalumu ya USB-C ya kuingilia kwenye mfumo wake wa uchunguzi. Kigoma sijaiona kebo hiyo ikiuzwa, na Chromebook zinazopita sokoni ni za kuhesabika. Framework, kampuni nyingine ya Marekani, ilifungua msimbo wa EC ya laptop zake mwaka 2022, nao umejengwa juu ya Chromium EC. Ukibahatika kupata mashine yao, yote niliyosema kuhusu majaribio ya Chromium EC yatakufaa, ila mashine zenyewe ni adimu zaidi.

System76 EC haina nakala ya pili. Unapoandika kutoka ndani ya mashine yenyewe kwa `make BOARD=system76/lemp9 flash_internal`, kipande kidogo cha msimbo huhamishiwa kwenye RAM ya EC, kisha kikaifuta na kuiandika upya hifadhi yote ya programu. Umeme ukipotea katikati ya hapo, EC inabaki tupu. Kwa mji ambao umeme hukatika bila taarifa, kanuni ni kwamba betri iwe imejaa na chaja iwe imechomekwa kabla hujabonyeza chochote, na anayetegemea laptop yenye betri iliyokufa asithubutu kabisa.

Lakini njia yao ya kurudisha ni ya kifundi, na ndiyo iliyonifanya niiheshimu. Chipu hizi za ITE zinaweza kuandikwa kupitia pini zilezile za kibodi. Unachomoa ribon ya kibodi kwenye mazabodi, unaingiza ribon nyingine ya pini 24 inayokwenda kwenye kibao kidogo cha kutawanyia pini, na kutoka hapo waya zinakwenda kwenye Arduino Mega 2560, bodi ndogo ya kuprogramu. Hunyanyui chipu, huwashi hoti-eya, huchungulii kwa kikuza picha. Soketi ya ribon ndiyo pekee ya kuangaliwa: kile kifungio chake cheusi cha plastiki huinuliwa kwa ukucha, na ukikivuta kwa bisibisi kinavunjika, nawe umebadilisha tatizo la programu kuwa tatizo la soketi. Arduino Mega hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki Dar es Salaam na hutumwa kwa basi. Kibao cha pini 24 ni kazi zaidi kukipata, lakini fundi mwenye mkono mtulivu anaweza kuunganisha waya kwenye soketi iliyotolewa kwenye mazabodi chakavu.

Mafundi wengi tayari wana CH341A, ile programa (kifaa cha kuandikia chipu) nyeusi ya bei nafuu, na wataniuliza kwa nini wasiitumie. Jibu ni kwamba CH341A huandika chipu za kumbukumbu za SPI za familia ya 25. Inafaa pale ambapo programu ya EC imehifadhiwa kwenye chipu ya namna hiyo, peke yake au pamoja na BIOS. Pale ambapo programu ipo ndani ya EC yenyewe, kama kwenye IT8587E, klipu yake haina cha kushika. Na hata pale inapofaa, ipime kwanza: programa hizo nyeusi zinajulikana kwa kutoa volti 5 kwenye nyaya za data wakati chipu inataka 3.3, na chipu za volti 1.8 zinahitaji adapta yake. Weka mita kabla ya kuweka klipu. Mwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, ana njia safi zaidi, maana pini zake ni za volti 3.3 na programu ya flashrom huzitumia moja kwa moja. Kwa vyovyote, soma chipu mara mbili, linganisha mafaili hayo kwa `sha256sum`, amri inayotoa alama moja kwa mafaili yanayofanana kabisa, na uhifadhi nakala nje ya kompyuta hiyo kabla hujaandika kitu. Mafaili yakitofautiana, klipu haijakaa.

Zephyr, ikiwa utaanza nayo kwenye bodi ya mazoezi, inakuondolea hofu yote hiyo. Raspberry Pi Pico, iliyotoka Januari 2021, ina chipu ya RP2040 ambayo msimbo wake wa kuanzia umechongwa ndani ya chipu na haufutiki. Ukiiharibu programu yako, unashikilia kitufe cha BOOTSEL, unachomeka USB, na bodi inaonekana kama flashi. Unaidondoshea faili jipya na kazi imeisha. Umeme ukikatika katikati, hakuna kilichopotea isipokuwa muda.

Na Pico inatosha kwa kazi ya EC ya kujifunzia. Chukua kibodi ya laptop iliyokufa, ambayo kila karakana ya Mwanga ina rundo lake chini ya meza. Kibodi yenye nguzo 16 na safu 8 inahitaji pini 24, na Pico inatoa 26. Zephyr ina dereva wa gridi ya kibodi inayotumia pini za kawaida, hivyo kazi yako kubwa ni kuitafuta ramani ya kibodi: unashika mita kwenye mlio, unabonyeza kitufe kimoja, unatafuta pini mbili zinazolia, unaandika, unakwenda kitufe kingine. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna iliyo bora zaidi ya kumfundisha mtu namna EC inavyoiona kibodi. Pini mbili zilizobaki unaweza kuzigeuza SMBus na kuifanya Pico ya pili ijifanye betri kwenye anwani 0x0B, ikijibu 3031 au namba yoyote ya ajabu unayotaka kuona programu yako inaipokeaje.

Betri halisi iachwe nje ya meza kwa muda mrefu. Seli ya lithiamu ya kawaida inajaa kwenye volti 4.2, na pakiti ya seli tatu mfululizo inajaa kwenye 12.6; kosa la programu linaloisukuma zaidi ya hapo haliishii kwenye skrini. Msimbo wa kuchaji upite kwanza kwenye kiigizaji, kisha kwenye betri ya kujifanya ya Pico, kisha ndipo pakiti halisi, mchana, ukiwa umekaa karibu nayo.

Ipi, basi, kwa nani

Kwa fundi ambaye hajawahi kuandika programu ya chipu, nachagua Zephyr pamoja na Pico, na nachagua hivyo ingawa ushushaji wake ni mzito kuliko wa System76 EC. Bando litakuuma mara moja. Kuogopa kuua mashine kutakuuma kila siku, na anayeogopa hajaribu vya kutosha ili ajifunze. Kuna faida ya baadaye pia: kwa kuwa Chromium EC imehamia juu ya Zephyr, mtu aliyezoea `native_sim`, vifaa vya bandia na faili la kueleza pini za bodi hatakuwa mgeni atakapofungua msimbo wa Chromebook.

Kwa fundi anayeijua mazabodi kama kiganja chake, anayesoma michoro ya laptop kila wiki, na ambaye anataka kuelewa EC nzima kuanzia kitufe cha kuwasha hadi feni, asome System76 EC hata kama hana mashine yao. Msimbo wake ni mfupi, hauna tabaka nyingi, na faili linaloeleza mpangilio wa kuwasha njia za umeme litamkumbusha moja kwa moja kurasa za michoro anazozipitia akitafuta kwa nini 3.3 ipo na 5 haipo. Ausome, aujenge kwa SDCC, avijaribu vipande vya hesabu kwenye μCsim, na aishie hapo mpaka apate mashine. Dasharo, mradi mwingine wa programu dhibiti ya wazi, nayo ina tawi lake la msimbo huu kwa laptop za kampuni ya NovaCustom, kwa hiyo ujuzi hauishii kwa kampuni moja.

Chromium EC naipendekeza kwa kundi dogo: wenye intaneti ya ofisi au ya chuo, wenye C iliyokomaa, ambao shabaha yao ni kufanya kazi hii na watu walio mbali. Huko ndiko majaribio yalikoandikwa kwa nidhamu kubwa zaidi, na kusoma jaribio la mtu mwingine kunafundisha kuliko kusoma maelekezo.

Ipo na njia ya kando ambayo wenye ThinkPad wataiulizia. Mradi wa thinkpad-ec huchukua programu ya EC ya Lenovo kwa mashine za kizazi cha X230 na T430, hubandika viraka vichache, na kuziwezesha kupokea kibodi ya safu saba ya kizazi cha nyuma na betri zisizo za Lenovo. Mashine hizo tunazo huku, na manufaa yanaonekana siku hiyohiyo. Lakini hapo hujengi programu, unairekebisha iliyofungwa, na hakuna jaribio lolote la kwenye kompyuta litakalokuambia kama kiraka kimekaa vizuri kabla hujakiandika. Ukiamua kwenda huko, iwe kwenye ThinkPad yako mwenyewe, yenye betri nzima na chaja iliyochomekwa. Ya mteja subiri mpaka uwe na nakala ya programu yake ya zamani mkononi na njia ya kuirudisha uliyokwisha kuijaribu kwenye bodi nyingine.